Nguo na viwanda vyetu (4): Mashuka ya Guimarães, pamba ya Kilosa

Makala iliyopita tuliishia Urafiki, kiwanda alichokizindua Mwalimu Nyerere mwaka 1968, na ndugu zake Mwatex, Mutex na Polytex. Leo nilikusudia kuingia katika ubinafsishaji, lakini habari ya kufufuka kwa kiwanda kikongwe cha mashuka huko Ureno imenifanya nirudi nyuma kidogo. Coelima ilianza mwaka 1922 huko Pevidém, pembeni mwa mji wa Guimarães. Mwaka 2021 ilifilisika, ikanunuliwa na Mabera, kampuni ya ukanda uleule inayoshughulika na umaliziaji wa vitambaa.

Sisi wa Mlali, mkoani Morogoro, tuna sababu ya kuifuatilia habari hii, kwa kuwa Wareno walipofika pwani yetu mwaka 1498 walitukuta tukifuma. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa alivikuta vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, aliyepita mwaka 1331, aliandika kwamba nguo za Mogadishu zilipelekwa hadi Misri. Mwanzoni mwa karne ya 16 Mreno Duarte Barbosa alieleza jinsi mafundi wa Sofala walivyofumua nguo za rangi kutoka Gujarat, wakauchanganya uzi wake na uzi mweupe wa pamba yao, wakafuma upya. Hariri ya Pate ilisifika kiasi kwamba Wareno wenyewe waliinunua ili wakafanyie biashara kwingine. Huku bara, Wafipa waliendelea kufuma pamba yao hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Watoto wetu wanafundishwa tarehe za mapigano ya Fort Jesus. Wafumaji hawa hawatajwi, na jambo hilo linaniuma.

Kisha ikaja merikani. Mwaka 1833 Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, wakaijaza Unguja kitambaa kigumu kisichopaushwa. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilikibeba hadi hapa chini ya Uluguru, ikakipima kwa shuka na doti, ikalipa nacho hongo na chakula. Stanley alipita Simbamwene, mji wenye boma uliojengwa na Kisabengo, mwaka 1871 akiwa na mizigo ya nguo za namna hiyo. Lakini vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilikuwa vimekwisha kuwakosesha wafumaji wa kule pamba, na nguo za Bombay zikaziba pengo hilo. Kiwanda cha Naumkeag, kilichofunguliwa Salem mwaka 1847, baadaye kiliishi kwa kuwauzia Wamarekani wenyewe mashuka yaliyoitwa Pequot, hadi mitambo ya Salem ilipozimwa mwaka 1953. Zaidi ya miaka 100! Waliokiweka hai hadi mwisho ni wateja wa nyumbani kwake.

Hapo ndipo ninapoitazama Morogoro. Kihonda tuliletewa viwanda kwa mkupuo: turubai, ngozi, viatu, Polytex. Kile cha viatu, kilichogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipangwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake nje ya nchi, na hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 4 hivi ya uwezo wake. Mashine zilikuwa mpya kabisa. Mnunuzi hakuwa ameandaliwa. Polytex ilipata bahati nzuri zaidi: leo ni 21st Century, mali ya MeTL, inatoa kanga na vitenge. Na huko Ilonga, Kilosa, mkoani humu humu, watafiti wamekuwa wakizalisha mbegu za pamba tangu miaka ya 1940. Mbegu tunayo na kiwanda tunacho, lakini sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania bado inapanda meli ikiwa marobota ya pamba nyuzi. Mkakati wa serikali wa pamba hadi mavazi, ulioanza mwaka 2016, uliliona tatizo hilo. Katika bonde la mto Ave huko Ureno, msokotaji, mfumaji, mtia rangi na mshonaji ni majirani, ndiyo maana mmoja akianguka yupo jirani wa kumwinua.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazipa bidhaa za ndani upendeleo, basi wodi za hospitali zetu na zianze kuitumia. Ila mimi nina jambo moja dogo zaidi ninalolidai. Kila mzazi wa Mlali ambaye mtoto wake amechaguliwa shule ya bweni amewahi kuishika fomu ya kujiunga: ndoo, godoro, mashuka mawili, na mara nyingi hadi rangi ya mashuka hayo imetajwa. Fomu hiyo inaamrisha rangi, lakini haisemi lolote kuhusu mahali shuka lilipofumwa, na mzazi anashuka gulioni kununua la mtumba au lililovuka bahari. Wakuu wa shule waongeze maneno matatu baada ya rangi: yaliyofumwa nchini Tanzania. Waongeze kabla ya fomu za mwakani kuchapwa, ili kiwanda kijue mapema kifume mangapi. Ubinafsishaji niliouahidi utakuja toleo lijalo.