Mita Kumi Mbele ya Sokwe

Katika nchi za kaskazini, kama vile Marekani na Kanada, familia nyingi hutumia siku za mapumziko kuwatazama na kuwapiga picha dubu wa mwituni. Afrika kusini ya Sahara haina dubu wa mwituni. Hata hivyo, mkazi wa Sengerema hahitaji kuvuka bahari ili amwone mnyama wa msituni mwenye nguvu na akili nyingi. Upande wa magharibi, ndani ya Ziwa Viktoria, kipo Kisiwa cha Rubondo, chenye eneo lipatalo kilometa za mraba 237, na katika misitu yake wanaishi sokwe.

Tuchukue mfano wa familia ya watu wanne: mwalimu wa sekondari, mkewe, na watoto wao wawili, mvulana na dada yake, ambao wote ni wanafunzi wa sekondari. Wanasafiri kwa gari kutoka Sengerema hadi Geita, kisha hadi Nkome, na huko wanapanda boti. Usiku wanalala kisiwani. Alfajiri mvulana, ambaye ndiye mpiga picha wa familia, anaamka akipiga chafya. Kiongozi wa msafara anamweleza kwa upole kwamba hawezi kwenda msituni. Kijana anasononeka, kwani ameingoja siku hiyo muhula mzima. Je, mafua yana uzito gani mbele ya mnyama mwenye misuli kuliko mtu mzima?

Asili ya sokwe wa Rubondo

Sokwe si wenyeji wa kisiwa hiki. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Zuolojia la Frankfurt walileta sokwe 17 kutoka Ulaya, ambako walikuwa wakifugwa. Waliachiwa msituni bila ya mafunzo yoyote. Wakajifunza wenyewe kutambua matunda yaliwayo na kujenga viota vya kulalia mitini. Lakini kwa kuwa walikwisha kuwazoea binadamu, baadhi yao hawakuwaogopa, na madume wawili waliowashambulia watu walipigwa risasi. Kizazi kilichozaliwa kisiwani kilikua kikiwakimbia watu. Rubondo ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1977, na katika miaka ya 2010 ilianza kazi ya kuwazoesha sokwe hao tena, safari hii kwa utaratibu: wakubali kutazamwa, lakini wasiguswe wala wasilishwe.

Hatari ya ujamaa

Sokwe ni miongoni mwa jamaa wa karibu zaidi wa binadamu katika ulimwengu wa wanyama. Ujamaa huo una gharama yake, kwa kuwa vijidudu vingi vinavyotuugua sisi huweza kuwaugua na wao. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio uliwakumba sokwe wa Gombe, mkoani Kigoma. Mwaka 2006, katika milima ya Mahale, sokwe wapatao 12 wa kundi moja walikufa au walitoweka kutokana na ugonjwa wa njia ya hewa. Uchunguzi ulionyesha virusi vyenye uhusiano na vile vya binadamu. Ugonjwa ambao kwa mvulana wetu ni chafya za siku tatu huweza kuangamiza sehemu kubwa ya kundi zima.

Hapa ndipo dubu na sokwe wanapotofautiana. Katika hifadhi ya Yellowstone, Marekani, mtazamaji huamriwa kukaa yadi 100, yaani kama mita 91, kutoka kwa dubu, na shabaha kubwa ni kumlinda mtu. Kwa sokwe, umbali humlinda zaidi mnyama. Tangu janga la mwaka 2020 wataalamu wamependekeza mita 10 au zaidi, pamoja na barakoa.

Lenzi isogee, miguu isimame

Mpiga picha atalalamika kwamba mita 10 ni nyingi. Fizikia inamjibu. Ukubwa wa taswira ndani ya kamera hupatikana kwa kuzidisha kimo cha mnyama kwa umbali wa fokasi wa lenzi, kisha kugawanya kwa umbali wa mnyama. Sokwe aliyesimama wima, tuseme mita 1.2, akiwa mita 10 mbele ya lenzi ya milimita 50, hutoa taswira ya milimita 6 tu. Kwa lenzi ya milimita 200, taswira huwa milimita 24, ambayo ni kimo kamili cha fremu ya filamu ya milimita 35. Hakuna haja ya kupiga hatua hata moja mbele.

Basi dada anachukua kamera na kuondoka na wazazi wake, wote wakiwa na barakoa. Mvulana anabaki kambini, akiandika katika daftari habari za viboko na furukombe anaowaona ziwani. Jioni anaoneshwa picha ya sokwe jike aliyempakata mwanawe. Hakuipiga yeye, lakini alichangia usalama wa mama huyo na mtoto wake.

Zoezi kwa darasa: ikiwa lenzi ni ya milimita 100, taswira ya sokwe yule itakuwa na kimo gani? Na je, ni sababu zipi mbili za kutomsogelea?