Kusomea Mifugo na Utunzaji wa Punda Chuoni: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa Karo

Kila mwaka matokeo ya KCSE yanapotangazwa, wazazi na vijana wa Sori na maeneo mengine ya Nyatike huanza kutafuta chuo. Makala haya yanawahusu wale wanaopenda kilimo na mifugo, hasa wanaouliza kama mtu anaweza kusomea utunzaji na ufundishaji wa wanyama wa kazi, kama farasi na punda, kisha akapata riziki hapa nyumbani.

Jibu ni ndiyo. Lakini kuna jambo moja ambalo ni lazima lijulikane mapema. Kozi nyingi zina neno "mifugo" katika majina yake, na si zote zinazomruhusu mhitimu kutibu mnyama. Familia inaweza kuuza ng'ombe wawili ili kulipa karo, kijana akasoma kwa bidii hadi mwisho, halafu akagundua kwamba cheti chake hakimwezeshi kusajiliwa. Ng'ombe aliyeuzwa harudi. Ni heri kuuliza kabla ya kulipa.

Kozi tatu zinazochanganywa

Kozi ya kwanza ni ya kilimo kwa jumla. Mwanafunzi hujifunza udongo, mazao, malisho, ufugaji, uchumi wa shamba na namna ya kuwaelimisha wakulima. Mhitimu anaweza kuwa afisa wa ugani, msimamizi wa shamba au mfanyabiashara wa mazao. Kozi hii peke yake haimfanyi kuwa mtabibu wa mifugo.

Ya pili ni ya afya na uzalishaji wa mifugo, kwa ngazi ya cheti au diploma. Hapa mwanafunzi hujifunza maumbile ya mnyama, magonjwa, dawa, uzazi, lishe na usafi wa nyama na maziwa. Anayehitimu katika chuo kinachotambuliwa anaweza kusajiliwa kama mtaalamu msaidizi wa afya ya mifugo. Hawa ndio wengi wa wale tunaowaona vijijini wakitibu na kuchanja.

Ya tatu ni shahada ya udaktari wa mifugo, ambayo huchukua miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Nairobi, bewa la Upper Kabete. Anayeihitimu na kusajiliwa ndiye daktari kamili wa mifugo.

Kila ngazi ina mipaka yake ya kazi. Mwenye cheti hafanyi kila anachofanya daktari, na mwenye diploma ya kilimo hafanyi kazi ya mwenye cheti cha afya ya mifugo.

Farasi au punda?

Katika nchi kama Uingereza kuna vyuo vya kilimo vyenye kozi nzima kuhusu farasi: kuwalisha, kuwafundisha, kuwaendesha na kusimamia mazizi. Hapa Kenya, masomo kuhusu farasi na punda kwa kawaida huwa sehemu ya kozi za afya ya mifugo. Kazi za farasi zipo, lakini ziko mbali nasi: uwanja wa mbio wa Ngong jijini Nairobi, mashamba ya pande za Naivasha na Nanyuki, na polisi wanaotumia farasi.

Eneo la Ziwa lina farasi wachache sana, na maradhi ni sababu mojawapo. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, huwadhuru farasi vibaya, na Bonde la Lambwe katika kaunti jirani ya Homa Bay limejulikana kwa mbung'o kwa miaka mingi. Kuna pia ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi. Huo huwaua farasi wengi wasiochanjwa, ilhali punda mara nyingi huambukizwa bila kuugua sana.

Punda ni wa jamii moja na farasi, lakini anayastahimili zaidi mazingira yetu. Ndiye anayebeba maji, kuni, mahindi na bidhaa za soko. Kwa hiyo kijana wa Sori anayependa farasi atapata darasa lake, na wateja wake, kwa punda.

Kwa nini ujuzi wa ng'ombe hautoshi

Watu wengi humtibu punda kama ng'ombe mdogo. Hapo ndipo mafunzo ya chuo yanapoonyesha thamani yake. Tazama mifano mitano.

Joto la mwili. Nyuzi 38.5 ni joto la kawaida kwa ng'ombe mzima. Kwa punda aliyekomaa, kawaida ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.8. Mtu aliyezoea ng'ombe akipima na kupata 38.5 anaweza kusema punda hana neno, kumbe ana homa.

Tumbo. Ng'ombe hucheua; punda hacheui wala hawezi kutapika. Ana tumbo moja dogo, na majani huchachushwa kwenye utumbo mpana. Akila vibaya au akikosa maji hupata msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Punda anayeacha kula kwa siku moja au mbili, hasa akiwa mnene au mwenye mimba, yuko hatarini, kwa kuwa mafuta ya mwilini humiminika kwenye damu na kuharibu ini.

Dawa na chakula. Soma lebo. Dawa za kupe zenye amitraz hazifai kwa farasi kwa sababu zinaweza kuusimamisha utumbo, na punda ni wa jamii hiyohiyo. Vyakula vya kuku au ng'ombe vilivyochanganywa na monensin ni sumu kwa wanyama hawa, hata kwa kiasi kidogo. Kumpulizia punda dawa iliyobaki kwenye pampu baada ya kuwanyunyizia ng'ombe si kubana matumizi. Ni kumweka hatarini.

Pepopunda. Ugonjwa huu umebeba jina la mnyama mwenyewe. Farasi na punda huathirika nao kwa urahisi kuliko wanyama wengi wa nyumbani. Kidonda cha hatamu au msumari kwenye ukwato hutosha kuuanzisha. Chanjo ipo.

Maumivu. Punda huficha maumivu. Anaweza kusimama kimya akiwa na ugonjwa mkubwa. Mtaalamu hujifunza kutazama dalili ndogo: masikio yaliyolegea, kutoshughulika na chakula, kuhamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine.

Zaidi ya hayo, kwato hukua mfululizo na huhitaji kupunguzwa kila baada ya wiki 6 hadi 10, na meno yapaswa kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka. Punda anayetunzwa vizuri anaweza kuishi zaidi ya miaka 25.

Kumfundisha punda kazi

Punda husemwa kuwa mkaidi. Ukweli ni kwamba farasi akiogopa hukimbia, lakini punda akiogopa mara nyingi husimama na kukataa kusonga mpaka aelewe kilicho mbele. Kumpiga wakati huo humfundisha kwamba mahali hapo kweli ni pa hatari. Mkufunzi hujifunza kumpa muda, kumwongoza na punda mwenzake aliyezoea, na kumlipa utulivu anapopiga hatua.

Mafunzo huanza mapema, kwa kumzoesha mtoto wa punda kushikwa, kuvaa hatamu na kuinua miguu. Kazi kamili ya kubeba na kuvuta husubiri hadi karibu miaka minne, mifupa ikiwa imekomaa. Punda jike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, hivyo ratiba ya kazi lazima izingatie jambo hilo.

Mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wa punda. Punda wa kilo 150 asibebeshwe zaidi ya kilo 50. Mtungi wa lita 20 ukijaa maji una zaidi ya kilo 20. Mitungi miwili inatosha. Mitungi minne ni kilo 80, yaani zaidi ya nusu ya uzito wake. Ukitaka maji mengi kwa safari moja, mkokoteni wenye magurudumu mazuri ni bora, kwa kuwa punda huweza kuvuta zaidi ya anachoweza kubeba. Lakini usimfunge nira ya ng'ombe. Ng'ombe husukuma kwa nundu na shingo. Punda hana nundu na huvuta kwa kifua, hivyo huhitaji mkanda mpana wa kifuani. Nira humchubua na kumpunguzia nguvu.

Sheria ya kuzuia ukatili dhidi ya wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inamlinda mnyama wa kazi pia. Kumbebesha kupita kiasi au kumfanyisha kazi akiwa na vidonda ni kosa.

Utunzaji huu una uzito zaidi leo. Kuanzia 2016 machinjio ya punda yalifunguliwa nchini ili kuuza ngozi nje, na wizi wa punda ukaongezeka. Serikali ya Kitaifa ilipiga marufuku uchinjaji huo Februari 2020, na Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kwa miaka 15. Anayempoteza punda kwa ugonjwa uliozuilika hupoteza mali ambayo si rahisi kuipata tena.

Mahali pa kusomea

Vyuo vya umma vya afya ya mifugo, vinavyojulikana kama AHITI, viko Kabete, Ndomba katika Kaunti ya Kirinyaga, na Nyahururu. Chuo cha Kilimo cha Bukura kilicho Kakamega kinajulikana kwa diploma ya kilimo. Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro, kilianza 1939 kama shule ya kilimo na kikawa chuo kikuu kamili 1987. Kina masomo ya kilimo na ya mifugo.

Maombi ya vyuo vya umma hupitia KUCCPS, na vyuo vingine hupokea maombi moja kwa moja. Alama za kujiunga hutofautiana kwa kozi na ngazi, na masomo ya sayansi, hasa Bayolojia, hutiliwa maanani. Kwa karo, mwanafunzi wa chuo cha kiufundi anaweza kuomba mkopo wa HELB, na familia inaweza kuomba basari ya NG-CDF ya eneo bunge.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Katiba ya 2010 iliipa kaunti jukumu la huduma za mifugo, lakini usimamizi wa taaluma yenyewe ulibaki katika Serikali ya Kitaifa. Chini ya sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaktari wa mifugo na wataalamu wasaidizi, anayesajili na kutoa leseni ni Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya (KVB). Kutibu mifugo ya watu kwa malipo bila usajili ni kosa. Kwa hiyo mzazi na kijana waulize haya:

1. Je, KVB inaitambua kozi hii, katika chuo hiki na katika bewa hili? Usitosheke na neno la karani wa chuo. Wasiliana na KVB yenyewe.
2. Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, ikiwa ni chuo cha kiufundi? Usajili wa TVETA ni wa lazima, lakini hauchukui nafasi ya kutambuliwa na KVB.
3. Mtihani wa mwisho unatungwa na nani, na cheti kinatolewa na nani?
4. Mwanafunzi atafanya mazoezi kwa wanyama gani? Kuna shamba, zizi na kliniki, au ni daftari tu?
5. Mafunzo ya nje ya chuo ni ya muda gani, na nani huyasimamia?
6. Je, farasi na punda wamo katika mtaala, na kwa saa ngapi?

Chuo kizuri kitayajibu maswali haya bila kukasirika.

Kazi baada ya chuo

Nafasi za serikali ya kaunti ni chache na hutangazwa wazi. Hakuna anayepaswa kulipa pesa ili kuzipata. Wahitimu wengi hujiajiri: kutibu na kuchanja chini ya leseni, kupandisha mbegu ng'ombe baada ya mafunzo yake maalumu, kupunguza kwato, au kuwashauri wenye mikokoteni. Anayetaka kufungua duka la dawa za mifugo aelewe kwamba dawa hizo zinasimamiwa na Kurugenzi ya Dawa za Mifugo (VMD), na kibali chake ni tofauti na leseni ya biashara ya kaunti.

Na asiyeweza kwenda chuoni mwaka huu asivunjike moyo. Mwenye punda anaweza kuanza kwa kupunguza mzigo, kubadilisha nira kwa mkanda wa kifuani na kumpa maji safi kabla na baada ya kazi. Kwa ushauri, au kwa msaada wa kuthibitisha kozi kabla ya kulipa, fika katika ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo iliyo karibu nawe ukiwa na barua ya kuitwa chuoni. Njoo kabla ya siku ya mwisho ya kulipa karo, si baada yake.