Mitishamba na Magonjwa ya Kuvu: Dawa ni Kipimo

Mvuvi wa Mbita hushinda kutwa miguu yake ikiwa majini, na mkata miwa wa Awendo hushinda miguu yake ikiwa imefungwa katika viatu vya mpira. Jioni wote wawili hujikuna katikati ya vidole, mahali ambapo ngozi imekuwa nyeupe na kupasuka. Nyumbani pengine yuko mtoto mwenye choa kichwani, ugonjwa ambao wengi huuita mashilingi. Ugonjwa wa baba na ugonjwa wa mtoto una asili moja, nayo ni kuvu, ambayo watu wa siku hizi huiita fangasi.

Kuvu ni jamii ya viumbe wenye uhai. Ukungu uotao juu ya ugali uliolala ni wa jamii hiyo, na uyoga vilevile. Aina nyingine hukaa juu ya ngozi, nywele na kucha za mwanadamu, na hustawi sana penye joto na unyevu.

Tangu zamani wazee wa Homa Bay na Migori wametumia majani na magome kutibu magonjwa hayo. Je, walikuwa wakibahatisha tu? Sivyo. Mimea nayo hushambuliwa na kuvu mchana na usiku, na mti hauna miguu ya kukimbia wala mikono ya kujikuna. Kwa hiyo mimea mingi hujitengenezea vitu vikali ndani ya majani, magome na mizizi yake, ili kumzuia adui huyo. Mtu atumiapo jani juu ya choa, huazima silaha ambayo mmea ulijitengenezea wenyewe.

Mfano mmoja ni mmea ambao Wajaluo huuita owinu, wenye maua ya manjano yaliyosimama kama mishumaa. Ndugu yake wa karibu, uliotoka Amerika ya kitropiki, umejulikana katika nchi nyingi kuwa ni dawa ya choa. Katika nchi ya Ufilipino, Wizara ya Afya iliuweka mwaka 1992 katika orodha ya mimea kumi ya dawa iliyokubaliwa, na huko hutengenezwa dawa ya kupaka yenye kipimo maalumu.

Mfano wa pili ni mti ambao Wajaluo huuita sogo-maitha, Wakikuyu muthiga, na Wamasai osokonoi. Gome lake huwasha ulimi kama pilipili. Mwaka 1976 wataalamu, akiwamo Profesa Koji Nakanishi aliyeshirikiana na kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE cha Nairobi, walieleza vitu vilivyomo katika gome hilo, ambavyo huwafanya viwavijeshi wakatae kula. Kimoja walikiita warbuganali. Kingine kilichofahamika baada yake kilipewa jina la muzigadiali, kutokana na jina la mti wenyewe. Baadaye ilionekana kwamba vitu vya ukoo huo huua kuvu pia, kwa kuharibu utando mwembamba uizungukao chembe ya kuvu.

Hata kitunguu saumu kina nguvu hiyo, lakini si kabla ya kupondwa. Kikiwa kizima, vitu viwili vimetengana ndani yake. Kipondwapo hukutana na kuzaa alisini, ambayo ndiyo yenye harufu kali na yenye kuua kuvu. Walakini alisini hiyo haichagui: ikiachwa juu ya ngozi kwa muda mrefu huiunguza, na ngozi ya mtoto ndiyo iumiayo zaidi.

Hapo ndipo penye shida. Dawa imo katika jani, bali kipimo hakimo. Jani la wakati wa mvua si sawa na jani la kiangazi, na gome la mti mchanga si sawa na la mti mkongwe. Owinu ikinywewa huharisha kwa nguvu, na ikizidi ni sumu. Tena kitu kiuacho kuvu katika chupa ya maabara huenda kisifanye hivyo katika mwili wa mtu.

Yafaa basi kukumbuka kwamba marhamu ya Whitfield, iliyotumika katika zahanati kwa zaidi ya miaka mia moja, nayo ina asili ya mimea. Asidi ya benzoiki ilipatikana kwanza katika utomvu wa miti ya Asia, na asidi ya salisiliki ilitokana na miti kama ule uitwao wilo. Siku hizi zote mbili hutengenezwa viwandani. Tofauti ni kwamba katika marhamu hiyo zimepimwa: sehemu 6 za ile ya kwanza na sehemu 3 za ile ya pili katika kila sehemu 100. Hupakwa mara mbili kila siku, kwa kawaida kwa muda wa wiki nne au zaidi. Wengi huacha mara mwasho unapokoma, na ugonjwa hurudi.

Lakini yako magonjwa ya kuvu yasiyoponywa kwa jani wala kwa marhamu. Choa cha kichwani huingia ndani ya shina la unywele, mahali ambapo dawa ya kupaka haifiki. Mtoto huyo hana budi kupewa dawa ya kumeza. Mtu mzima mwenye utando mweupe mdomoni, au aonaye maumivu akimeza, na apimwe virusi vya UKIMWI bila kukawia. Na mwenye virusi hivyo akipatwa na maumivu ya kichwa yasiyokoma, pamoja na homa au shingo kukakamaa, apelekwe hospitali siku ile ile, kwani yako kuvu ishambuliayo utando wa ubongo, nayo huua. Watu wa Homa Bay wanajua thamani ya kuwahi: hospitali yao ya serikali ilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini Kenya kutoa bure dawa za UKIMWI, mwaka 2001, kwa msaada wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka.

Mgonjwa aliyekwisha kutumia mitishamba asione haya kumwambia mwuguzi. Habari hiyo yamsaidia mwuguzi kujua kama ngozi imeliwa na kuvu au imeunguzwa na dawa. Naye mvuvi na mkata miwa wakaushe miguu barabara kila jioni, hasa katikati ya vidole, na viatu viachwe wazi vipate hewa. Watoto wa nyumba moja wasitumie kitana kimoja. Na achukuaye gome la sogo-maitha asilibandue kuuzunguka mti wote, maana mti uliovuliwa hivyo hufa.