Seabiscuit, farasi aliyedharauliwa

Seabiscuit alizaliwa Kentucky, Marekani, mwaka 1933. Alikuwa mfupi, magoti yake yalikuwa na kasoro, na alipenda kula na kulala. Alishindwa mbio zake 17 za mwanzo. Mwaka 1936, mfanyabiashara wa magari Charles Howard alimnunua kwa takriban dola 8,000, bei ya chini kwa mjukuu wa farasi bingwa Man o' War. Mwalimu wake mpya, Tom Smith, mtu asiye na maneno mengi, alimpa kwanza mapumziko. Mpanda farasi wake, Red Pollard, alikuwa kipofu wa jicho moja na aliificha siri hiyo asije akanyimwa kazi.

Tarehe 1 Novemba 1938, katika uwanja wa mbio wa Pimlico, Seabiscuit alipambanishwa na farasi War Admiral, ambaye kwa nasaba alikuwa ami yake. Smith alikuwa amemfundisha Seabiscuit kuchomoka mara tu kengele inapolia. Pollard alikuwa amevunjika mguu, hivyo George Woolf ndiye aliyempanda, na wakashinda kwa urefu wa farasi wanne. Mwaka 1940, Pollard alirudi mgongoni mwa Seabiscuit, wakashinda mbio za Santa Anita zilizokuwa zimewaponyoka kwa pua tu mwaka 1937.