Kumi na Tatu: Hesabu za Watoto Wetu na Lugha ya Nyumbani



Wapo miongoni mwetu wanaoamini kuwa mzazi asiyekimudu Kiingereza hana la kumsaidia mwanawe katika hesabu za skuli. Daftari huachiwa kaka mkubwa, na nyumbani namba hazitajwi kwa Kiswahili, kwa kuchelea kumchanganya mtoto. Sisi twaona kinyume cha hayo. Mtoto akizoea kuwa mama hajui hesabu kwa sababu hajui Kiingereza, ataidharau lugha ya mama, na yamkini mama mwenyewe.

Kwanza tuyajue yanayotakiwa. Mtaala wa Uingereza uliotolewa mwaka 2013 wamtaka mtoto wa mwaka wa pili, mwenye miaka 6 hadi 7, azijue kwa wepesi hesabu za kujumlisha na kutoa hadi 20, kisha azitumie katika namba zinazofika 100. Kupanga namba juu na chini, kama tulivyofundishwa wengi wetu, huja mwaka wa tatu. Basi tusimharakishe mtoto kwenye "andika tatu, weka moja kichwani" ilhali hajui hiyo moja ni kitu gani.

Hiyo moja ni kumi, na hapa ndipo Kiswahili kinapofaa. Majina ya Kiingereza "eleven" na "twelve" hayaonyeshi kumi, na "thirteen" hutanguliza tatu. Si ajabu mtoto akaandika 31 mahali pa 13. Sisi twasema kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu: jina lenyewe ni hesabu ya kujumlisha. Ila ishirini, thelathini na arubaini tumezitwaa katika Kiarabu, na makumi yake hayasikiki. Hapo mzazi aongeze: ishirini ni makumi mawili, thelathini ni makumi matatu.

Twaeni kokwa 20 za tende. Wekeni 8 upande huu na 5 upande ule, kisha mwulizeni mtoto: "Nane yataka ngapi itimie kumi?" Atahamisha mbili, zitabaki tatu. Kumi na tatu. Jibu limejitamka lenyewe.

Katika kutoa, 13 toa 8, si lazima arudi nyuma kokwa moja moja. Na apande kutoka nane: mbili hadi kumi, tatu hadi kumi na tatu, jawabu ni tano. Ataona kuwa 5, 8 na 13 ni jamaa moja, na kwamba ajuaye kujumlisha amekwisha kujua kutoa. Jozi za kumi, yaani 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, 5 na 5, azijue kama ajuavyo jina lake.

Mifano tunayo majumbani. Rakaa za faradhi ni 2 za alfajiri, 4 za adhuhuri na 4 za alasiri: hizo kumi. Magharibi ni 3 na isha 4: hizo saba. Jumla kumi na saba. Na siku 12 za Ramadhani zikipita, zimebaki ngapi kutimia 30? Na mwezi ukiandama kwa 29?

Dakika kumi kila siku zatosha. Mtoto asikatazwe vidole vyake, wala asikaripiwe akikosea, aulizwe tu, "Umepataje?" Akieleza, aghalabu hulisahihisha kosa mwenyewe.

Wala tusihofu kuwa darasani atapotea. Aliyefahamu kwa Kiswahili kuwa nane na tano ni kumi na tatu hana haja ya kuifahamu hesabu hiyo mara ya pili kwa Kiingereza. Kilichobaki kwake ni majina tu, na hayo mwalimu wake atampa.