Mche usioujua uani

Mvua za kwanza zikinyesha hapa Gongoni, uani kwako huota vitu ambavyo hukupanda. Unainama kufagia asubuhi, unakuta majani mawili madogo chini ya ukuta, mengine palepale mnapomwaga maji ya vyombo. Jembe liko karibu. Unajiuliza, hiki nacho ni nini?

Mwembe haukusumbui. Majani yake machanga yana wekundu wa kahawia, na ukiyafikicha yananukia embe. Wazee wa Tabora husimulia kuwa miembe yetu ililetwa na misafara ya pwani, wapagazi na watumwa wakila embe na kutupa kokwa njiani. Nalikubali simulizi hilo, ila msafara kutoka Bagamoyo ulichukua kama miezi mitatu kufika hapa, na kokwa iliyokauka muda mrefu haioti tena. Nadhani mwembe ulisogea kituo kwa kituo: mti ukazaa, mtu akala, akatupa kokwa mbele kidogo. Wala hakujua kwamba anapanda.

Mwarobaini utaujua kwa majani yenye meno, na ukitafuna kidogo huna haja ya kuuliza tena. Mpapai nao unajulikana mapema, lakini kama ni dume au jike hutajua hadi utoe maua. Ndiyo maana wakulima huacha miche mitatu au minne pamoja, wakangoja.

Unaonishughulisha leo ni mninga. Wengi tunaujua ukiwa kitanda, kabati au mlango wa kanisa. Mche wake hatuujui. Ukiota, kiangazi cha kwanza shina lake hukauka hadi chini. Mvua ikirudi, linachipua. Kiangazi kingine, linakauka tena. Inaweza kupita miaka 7 na hata zaidi kabla shina halijasimama moja kwa moja. Muda wote huo mzizi unanenepa chini, mahali ambapo hakuna anayeona.

Mimi niliung'oa mmoja. Ulikuwa umekauka mara ya pili, nikasema umekufa. Ulipotoka, mzizi ulikuwa mnene kuliko kidole gumba, mbichi, unatoa maji. Jirani yangu fundi seremala alikuwa anapita. Akautazama, akasema, "Mwalimu, huo si ulikuwa mninga?" Nikaurudisha ardhini. Haukuota.

Nakueleza haya kwa sababu ya kijana mmoja wa kwaya yetu. Alikuja vizuri, akatoweka. Akarudi, tukafurahi, akatoweka tena. Safari hii watu walisema wamemwona kilabuni. Aliporudi mara ya tatu, kamati ikakaa. Tulimfuta kwenye kwaya kwa kura. Mkono wangu ulikuwa juu, msomaji, wala sikuunyanyua kwa shida. Hakuna aliyemuuliza anaishi wapi, wala anakula nini kiangazi kazi zikiisha.

Soma Mathayo 13, habari ya magugu katika ngano. Gugu linalodhaniwa kutajwa pale hufanana na ngano kabisa mpaka masuke yatokee, na mizizi yake husukana na ya ngano. Mwenye shamba hakuwaambia watumishi kwamba magugu hayapo. Yapo, na siku yake itafika. Aliwazuia kwa sababu alijua mikono yao ingeng'oa na kisichopaswa kung'olewa. Kisha soma Luka 13, mtini uliokaa miaka mitatu bila tunda. Mtunza shamba anaomba mwaka mmoja zaidi, lakini angalia: haombi ili akae kivulini. Anaomba apalilie, atie mbolea. Sisi wazee wa kanisa mara nyingi tukisema "tumvumilie" tuna maana tusimsogelee.

Si kila kinachoota uani ni mninga. Nami nimefyeka mengi ambayo siyajutii. Lakini kwa yule kijana sikungoja ua, sikungoja suke, wala sikuchimba kidogo pembeni nione kama mzizi una maji.

Nasikia siku hizi anabeba mizigo sokoni. Namba yake ya simu ninayo tangu Jumatano, na bado sijapiga. Leo baada ya ibada ya pili nitapiga. Asipopokea, kesho asubuhi nitakwenda sokoni mwenyewe.