MCHEZA KWAO HUTUNZWA: BEI NA THAMANI YA MICHEZO YA UBAONI

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini je, kila kilicho ghali ni kizuri? Swali hili, walimu wetu na wanafunzi wenzangu, nusura livunje mkutano wa Chama chetu cha Kiswahili muhula wa pili. Tulikuwa na pesa kidogo za michango. Wengine walitaka tununue Scrabble waliyoiona dukani Kitale, wengine walitaka vitabu vya hadithi. Mimi, sitaficha, nilikuwa upande wa Scrabble, tena kwa sauti kubwa. "Ati tuendelee na drafti ya vifuniko vya soda kama watu wanaongoja matatu?" niliuliza. Darasa zima liliangua kicheko. Leo ninajicheka mwenyewe, na katika makala haya nitaeleza sababu.

Kwanza, kwa nini michezo hii huwa ghali? Tuchukue mfano wa Gloomhaven, mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 2017. Boksi lake lina uzito wa karibu kilo 10, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola 140. Ukihesabu dola moja kwa shilingi 129, hizo ni zaidi ya shilingi 18,000. Mzazi wa hapa Cheptais anayeuza mahindi apime mwenyewe ni magunia mangapi hayo!

Ndani ya boksi kama hilo mna kadi, vibao na sanamu za plastiki. Sanamu hizo hutolewa kwa kalibu ya chuma, na gharama ya kalibu haipungui hata wanunuzi wakiwa wachache. Wakiwa elfu moja, hao elfu moja ndio wataibeba. Wakiwa laki moja, mzigo unakuwa mwepesi. Kuna pia mtunzi, mchoraji, kiwanda na meli. Shehena ikifika Mombasa hutozwa ushuru wa forodha na kodi ya VAT ya asilimia 16, kisha husafirishwa karibu kilomita 480 hadi Nairobi. Hapo bado haijaanza safari ya kuja Kitale au Bungoma, na kila mfanyabiashara njiani lazima apate chake. Mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni: si kila muuzaji wa bei ya juu ni mwizi.

Pili, bei si thamani. Tuseme mchezo umenunuliwa shilingi 4,000, na watu wanne wakaucheza kwa saa mbili. Ukiishia kabatini baada ya siku hiyo, kila mchezaji ametumia shilingi 500 kwa saa. Lakini ukichezwa mara 25, gharama hiyo inashuka hadi shilingi 20. Boksi ni lile lile! Kumbe kinachofanya mchezo uwe ghali au rahisi ni sisi wenyewe, na idadi ya siku tunazoketi kuucheza.

Tatu, hebu tulitazame bao letu la Kiswahili. Lina mashimo 32 na kete 64. Ndugu zetu wa Zanzibar na Lamu hulicheza kwa komwe, mbegu za mmea unaoota kule pwani. Jirani zetu wa Uganda wana omweso, wenye mashimo 32 na kete 64 vile vile. Ukikosa bao la kuchongwa, unachimba mashimo ardhini na kuokota vijiwe. Gharama yake? Hakuna. Lakini usidhani ni mchezo wa watoto. Mtafiti wa Uholanzi, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar akaandika kitabu kizima, kilichotoka mwaka 1995, kuhusu jinsi akili zao zinavyofanya hesabu hizo ndefu. Mtu avuke bahari kuja kujifunza kitu ambacho sisi tunakidharau kwa kuwa ni cha bure!

Nne, na hapa ndipo nilipofungwa mdomo, kitu cha bei huenda kisikufae. Scrabble ilitungwa na Mmarekani Alfred Butts katika miaka ya 1930. Alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ya Kiingereza ili ajue kila herufi ipewe vigae vingapi. Kwa hiyo, katika vigae 100 vya seti ya Kiingereza, K ni kimoja tu. Sasa jaribu kuandika "kuku" au "kikapu"! Itabidi utumie kigae kitupu, navyo ni viwili tu. Q na X zipo, lakini kwa Kiswahili ni za kukalia tu. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyeuliza kwa upole, "Sasa Chama cha Kiswahili kitanunua mchezo usioweza kuandika kuku?" Sikuwa na jibu.

Basi pesa zilinunua vitabu, nasi tukafanya kama Butts. Tulichukua kurasa chache za hadithi tukahesabu herufi moja moja. A ilishinda zote kwa mbali. Q na X hatukuziona. Tukakata vigae vya katoni, K tukaipa vigae vya kutosha na alama chache. Jumamosi mbili kazi ikaisha.

Sitawadanganya kwamba mambo yalikuwa sawa. Wiki ya tatu mvua ilipenya dirishani, vigae vikavimba kama maandazi. Hapo tukaelewa kwamba ubao mgumu na rangi isiyofutika vina thamani yake, na anayevitoza pesa ana haki. Tuliomba vipande vya plaiwudi vilivyobaki kwa seremala, tukaanza upya. Vigae hivyo vipo mpaka leo, na siku za Ijumaa ukichelewa hupati nafasi ya kucheza.

Ndugu msomaji, sisemi usinunue mchezo wa dukani. Ukiwa na uwezo na wenzako wa kucheza nao, nunua. Lakini kabla hujatoa pesa, jiulize maswali mawili: tutaucheza mara ngapi, na je, unatufaa sisi? Mcheza kwao hutunzwa.